Miwani haitoshi
Wengine huuliza kama miwani itamwezesha mtoto mwenye sindromu ya Williams, hali ya kijenetiki ambayo mtu huzaliwa nayo, kunakili mchoro au kupanga vibao vifuate kielelezo. Hapana, miwani peke yake haitamwezesha. Shida kubwa iko kwenye ubongo: kipande kidogo cha kromosomu ya 7, chenye jeni zipatazo 25, kimekosekana, na njia ya ubongo inayoshughulikia mahali vitu vilipo huwa dhaifu. Ndiyo maana mtoto huyohuyo hutambua nyuso vizuri na kuongea sana, lakini akichora nyumba mlango unaweza kukaa nje ya kuta. Nimewafundisha watoto hawa. Tafadhali msiwaite wavivu, wanajitahidi mno. Ila macho yapimwe pia, maana wengi wao wana makengeza.