Jifunze kwanza kuhesabu pumzi

"Shikamoo Dokta. Nimemaliza fomu sikisi, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nataka kuwa bingwa wa watoto kama wewe. Nianzie wapi?"

Ujumbe huu ulinikuta usiku nimetoka zamu hapa Dodoma, miguu imevimba. Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili nilale. Nikashindwa, maana mimi nilipouliza swali hilohilo nilichekwa.

Hesabu yenyewe fupi: MD, digrii ya kwanza ya udaktari, miaka 5; intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, mwaka 1; MMed ya watoto, digrii ya ubingwa, miaka 3. Jumla 9, kama hujala sapu, yaani mtihani wa marudio. Mimi nilikula, ya baiokemia, mwaka wa kwanza. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limeisha, wenzangu wako makwao, mimi niko hosteli na mihogo yangu nakariri mzunguko wa Krebs. Mama yangu, mama lishe wa soko la mahindi Kibaigwa, akaletewa habari na jirani kwamba mwanawe amedisko, yaani amefukuzwa chuo kwa kufeli. Sikudisko. Jirani huyo siku hizi ananiletea wajukuu, nami nawatibu vizuri tu, ila sijasahau.

Miaka iliyofuata naiacha, ni madaftari na usingizi.

Nikiwa intani, mama mmoja alileta mtoto wa miezi kumi anayekohoa. Mkuu wangu wa zamu alimtazama akiwa amesimama mlangoni, akasema mafua, apewe dawa aende. Mimi nilimwona yule mtoto kifua kinabonyea kila akivuta pumzi. Nikaanza kuhesabu, akaanza kulia, hesabu ikavurugika. Nesi mmoja mtu mzima akaninong'oneza, "Mwanangu, mtoto anayelia hahesabiwi. Mwache anyonye kwanza, funua nguo, tazama saa dakika nzima." Nikangoja. Pumzi 62. Kwa umri ule, 50 tayari ni za haraka.

Nilipomweleza mkuu, alinijibu mbele ya watu: "Umekuja kutibu au kuhesabu? Watoto ni kazi ya manesi." Machozi yalinilenga. Lakini alirudi, akahesabu mwenyewe, na mtoto akawekwa oksijeni na kuanzishiwa sindano za nimonia. Siku ya tano alikuwa anagombania uji. Mkuu hakuniomba radhi mpaka leo, na siku ile ndipo nilipochagua watoto.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza kwa kutazama. Kabla hujamgusa mtoto, mtazame akiwa mapajani kwa mama yake. Kisha mpime uzito wewe mwenyewe, usikisie, kwa sababu dawa za watoto tunazipigia hesabu kwa kilo. Kisha mtazame tena.

Na uwe na adabu kwa bibi. Bibi wa Kigogo aliyetoka Chamwino na mtoto mwenye degedege, akapitia kwanza kwa mganga, usimfokee mbele ya mkwewe. Mwamkie kwa Kigogo, "mbukwa", mpe kiti, muulize degedege lilianza lini na mtoto alikuwa na joto tangu lini. Ukimfokea, safari ijayo atakuja amechelewa zaidi, au haji kabisa. Nyie mnaoutaka udaktari kwa ajili ya koti jeupe la kupigia picha, kazi hii itawatapikia begani kabla ya saa nne asubuhi. Mimi nimetapikiwa leo.

Nilimwandikia yote haya, pamoja na kwamba fomu ya mkopo asiijaze siku ya mwisho. Akajibu, "Asante Dokta. Eti baiokemia ni ngumu?"

Hilo bado sijamjibu.