Re: Wadudu wa vijito vya jangwani wanatoka wapi?
Mkuu, umeuliza inakuwaje kijito cha jangwani kisombwe na mafuriko leo, halafu baada ya wiki chache kijae wadudu tena. Jibu liko hewani. Kule Arizona, Marekani, mafuriko ya ghafla huzoa karibu mabuu wote, lakini waliokwisha kuota mabawa wanabaki wakirukaruka na kutaga upya. Aina nyingi hukua kutoka yai hadi mdudu kamili ndani ya wiki mbili tatu tu.

Ninayempenda mimi ni Abedus herberti, kunguni mkubwa wa majini. Huyu haruki kabisa. Dume hubeba mayai mgongoni, yamepangwa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Mvua kubwa ikimpiga kwa muda anatoka majini, anapanda ukingoni kabla mafuriko hayajafika, kisha hurudi.

Lakini ukame ndio kiboko yake. Kidimbwi chake kikikauka, hawezi kuruka kuhamia kingine. Ndiyo maana utamkuta korongo hili lenye maji ya kudumu, na lile la jirani lililokauka asiwepo hata mmoja. Kwa hiyo ukichukua sampuli, usiishie kijito kimoja.