Maswali na Majibu: Filamu za Muziki

Naomba orodha ya filamu kali za wanamuziki. (Msomaji, Igoma)

Hili nalijibu kila mwezi. Chukua Amadeus ya 1984, Whiplash ya 2014 na Félicité ya 2017. Ukizimaliza ndipo uandike tena.

Nilirushiwa Whiplash iliyotafsiriwa, nikaona jamaa anapiga dramu tu. Sifa zote zile za nini? (Kirumba)

Iliyotafsiriwa! Nilijua tu. Mimi nimekulia banda umiza na nawaheshimu madijei wetu: sinema ya ngumi ikipita mdomoni mwao hunoga kuliko ilivyotoka kwa wenyewe. Lakini sinema ya muziki ukiiwekea mtu wa kuongea juu yake, umeiua. Kisa chote cha Whiplash kiko kwenye mwendo wa mdundo. Mwalimu Fletcher anamzaba kijana makofi akimuuliza: unakimbiza au unaburuza? Usiposikia dramu, makofi yale ni ya bure. Na kule mwisho kuna dakika kadhaa ambazo karibu hakuna anayesema neno, dramu ndizo zinazogombana na mwalimu. Dijei niliyemsikia mimi alizijaza zote: "Piga mwanangu, wape dawa!" mpaka majina yakaanza kupanda. Filamu hii ilipata Oscar 3, mojawapo ya uchanganyaji wa sauti. Wewe hiyo sauti hujaisikia bado. Tafuta nakala isiyoguswa, vaa hedifoni, angalia usiku bodaboda zikishatulia.

Kumbe Salieri ndiye aliyemuua Mozart? Nimeona kwenye Amadeus. (Nyegezi)

Hapana. Salieri alikuwa mtunzi mwenzake tu, na hayo ni uvumi wa zamani. Mozart alikufa 1791, na baadaye mwanawe mdogo akafundishwa muziki na Salieri huyohuyo. Nani humpeleka mtoto kwa muuaji wa baba yake? Oscar 8 ilizozoa ni za utamu wa sinema, si hukumu ya mahakama. Nanyi mnaoijua bendi ya Queen kwa filamu ya Bohemian Rhapsody: bendi haikuvunjika kabla ya Live Aid, lile tamasha la hisani la Julai 1985. Januari mwaka huohuo walikuwa jukwaani Rio. Mwimbaji wao Freddie Mercury kuzaliwa Unguja, hilo kweli.

Za Kiafrika zipo, au zote za Wazungu? (Ukerewe)

Félicité nimekwisha kuitaja. Ni mwimbaji wa baa Kinshasa, mwanawe kapata ajali ya pikipiki, mama anazunguka mji mzima kusaka pesa ya upasuaji. Ilipata tuzo kubwa ya majaji Berlin, na bendi inayopiga humo ni Kasai Allstars wenyewe. Ya zamani zaidi ni La vie est belle ya 1987, Papa Wemba akiwa steringi. Bi Kidude naye anayo yake ya 2006.

Sisi je? Filamu iliyoitangaza Mwanza duniani inahusu sangara. Wenye kamera mpo, kila Jumamosi mnarusha droni juu ya maharusi. Juni Bagika na Bagalu, vile vikundi vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kucheza kwenye sherehe ya Bulabo pale Kisesa, nauli ya daladala tu, hamwendi.

Unaweza kunitumia kwa WhatsApp?

Hapana.

Mwalimu wa kwaya yetu anatutukana mazoezini, anasema hata Fletcher alifanya hivyo. (Mabatini)

Fletcher si steringi, ni adui. Mwambie arudie kuangalia pale inapojulikana yule mwanafunzi wake wa zamani alikufaje.