Jibu: Kuunganisha modeli ya muuzaji na akaunti katika Django

Ndugu, umeuliza namna ya kuunganisha modeli yako ya Muuzaji (modeli ni muundo wa jedwali la data), yenye namba ya meza na simu ya kila mama wa soko la Kadutu, mjini Bukavu, na akaunti za watumiaji za Django, mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti. Kwa kuwa kila muuzaji ana akaunti moja tu, tumia OneToOneField (uhusiano wa mmoja kwa mmoja) inayoelekea settings.AUTH_USER_MODEL, yaani mpangilio unaotaja modeli ya watumiaji ya mradi, wala usiitaje User moja kwa moja, maana siku utakapobadilisha modeli ya watumiaji utalazimika kupitia faili zote. Ushuru wa soko ni jambo jingine: mtu mmoja hulipa mara nyingi, kwa hiyo modeli ya Malipo inahitaji ForeignKey (uhusiano wa wengi kwa mmoja) kuelekea Muuzaji, na kwenye on_delete, inayoamua kinachotokea muuzaji akifutwa, uweke PROTECT, inayozuia kufuta, kwani kwa CASCADE, kumfuta muuzaji kungefuta pia stakabadhi zake zote, za franga na za dola. Anayeacha biashara, mzimie tu is_active, alama ya akaunti inayoonyesha kuwa bado inatumika.

Katika fomu, usimwache mtumiaji ajichague kwenye orodha; ita save(commit=False), inayoandaa malipo bila kuyahifadhi bado, jaza muuzaji kutoka request.user.muuzaji, yaani muuzaji wa mtumiaji aliyeingia, ndipo uhifadhi. Akaunti ya msimamizi uliyoiunda kwa amri ya createsuperuser haina Muuzaji, nayo italeta hitilafu hapo usipoikagua kwanza.