Kabla ya Kununua Kamera, Nenda Kausikilize Ufukwe

Juma lililopita kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia ujumbe ulioninyima usingizi. Amekusanya shilingi laki nane, ana rafiki anayepiga gitaa kavu na binamu mwenye sauti nzuri, na anataka kuanza kuwarekodi mubashara, nje, Ziwa Tanganyika likiwa nyuma yao. "Kaka, ninunue kamera gani?" aliuliza. Nilimjibu kwa mstari mmoja kwamba asinunue kamera yoyote, naye akanyamaza, nadhani aliudhika. Alistahili jibu refu zaidi, na ninaliandika hapa kwa sababu najua wako wengi wenye ndoto kama yake na pochi kama yake.

Mimi nilianza na kamera. Kazi yangu ya kwanza niliifanyia ufukweni Kibirizi, Kigoma, mwezi wa Julai, saa kumi jioni, nikiwa na mpiga gitaa wa Mwanga na dada mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Uvinza akiwa amevaa kitenge kipya alichokishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Niliwasimamisha karibu na maji, nikarudi nyuma hatua sita ili milima ya Kongo ionekane yote ng'ambo ya ziwa, nikabonyeza kitufe. Picha ilitoka nzuri kuliko nilivyotarajia. Sauti niliiachia ile maiki ndogo iliyomo ndani ya kamera, na sikuvaa hata hedifoni kusikiliza kilichokuwa kinaingia.

Nilichokuwa sijakielewa, ingawa nimezaliwa kando ya ziwa hili, ni mwendo wa upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja kuijaza nafasi hiyo. Ndiyo maana alasiri ufukweni nguo hupepea hata siku iliyoanza kwa utulivu, na miezi ya kiangazi upepo wa kusi huongeza nguvu yake juu ya hapo. Upepo huo ukigonga maiki iliyo wazi hutoa ngurumo nzito ambayo huwezi kuiondoa baadaye bila kuondoa na sauti ya mtu. Tena nje hakuna kuta za kukurudishia sauti: kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo maiki iliyo mita nne kutoka kwa mwimbaji hupokea desibeli 18 pungufu ya iliyo nusu mita, huku upepo na injini ya mtumbwi vikibaki na nguvu zao zilezile.

Nilimpa yule dada simu yangu atazame. Alitazama hadi mwisho, akairudisha taratibu, akaniuliza, "Kaka, mbona mimi simo?" Alijiona kwenye picha, lakini sauti yake haikuwamo. Nimewahi kufanya makosa mengi katika kazi hii na mengi nimeyasahau, ila swali hilo bado nalisikia.

Miezi iliyofuata ya kuazima vifaa na kujifunza sitaisimulia. Nieleze badala yake Jumapili iliyopita kule Ujiji, kwa sababu nina fahari nayo na sioni haya kusema hivyo.

Nilikuwa na mzee mmoja aliyepiga gitaa katika bendi za dansi enzi za ujana wake. Tulichagua kivuli cha mwembe. Ujiji ni mji wa miembe, na hata kwenye kumbukumbu ya pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kuna miembe inayotunzwa. Nilikwenda pale mara tatu kabla ya siku yenyewe bila kamera, nikakaa tu na kusikiliza. Ndivyo nilivyojua kwamba fundi cherehani wa nyumba ya pili hushona hadi alasiri, kwamba bodaboda hupungua baada ya hapo, na kwamba kati ya adhana ya alasiri na ya magharibi kuna nafasi ya kutosha kwa nyimbo tatu bila kuwakera wanaoswali wala kukatizwa katikati.

Siku ilipofika, mzee alipiga uzi mmoja kwa kidole gumba, akatega sikio, akatikisa kichwa. Gitaa lilikuwa limekaa juani wakati tunapanga vifaa, na nyuzi za chuma zikipata joto hurefuka kidogo, hivyo zikashuka sauti. "Mwanangu," alisema, "usinikimbize. Liache lipoe kwanza." Tulingoja karibu nusu saa. Watoto walikusanyika, na badala ya kuwafukuza nikawaomba wakae chini mbele yake, wawe wasikilizaji. Nilibana maiki moja ndogo kwenye shati lake chini ya kola, nikaweka kinasa sauti karibu na gitaa nikiwa nimekivika manyoya ya kuzuia upepo, nikapima ili sauti zake kubwa zifike kama desibeli 12 chini ya kikomo cha kinasa. Nikapiga kofi moja mbele ya kamera zote mbili, ambalo ndilo hunisaidia kuoanisha picha na sauti nyumbani. Kuoanisha huku si anasa: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyo mita 14 mbali huisikia ikiwa imechelewa kwa picha nzima moja kati ya zile 25 za kila sekunde, na jicho la mpenda muziki huanza kuhisi kuwa kuna kitu hakikai sawa.

Alipiga wimbo wa kwanza akiwa amefumba macho. Mtoto mmoja alikohoa katikati ya ubeti wa pili, na kikohozi kile nimekiacha.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kasulu, tumia simu uliyonayo kwa picha, na fedha zako zianzie kwenye kinasa sauti, maiki na hedifoni. Ukitaka ufukwe, nenda siku za mbalamwezi, kwa kuwa wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao ziwavute samaki, na mwezi ukiwa mkubwa wengi hupumzika, wakashona nyavu, na injini zikapungua. Jua letu huzama karibu na saa moja jioni. Saa moja kabla ya hapo mwanga ni mzuri, lakini usimwimbishe mtu akiwa ameligeuzia jua mgongo moja kwa moja, uso wake utakuwa mweusi. Shughulikia kibali mapema pia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakitaka, na mimi niliwahi kuondolewa kwenye jengo moja la umma na wanamuziki wangu wakitazama, kwa kosa langu mwenyewe.

Tena wanamuziki walipwe, vijana wenzangu. Mtu aliyekuja kwa nauli yake asirudi na ahadi. Majina yao yaandikwe mwanzoni mwa video, nasi tusikate majina ya wenzetu: kuna mwandaaji wa matamasha aliyewahi kuchukua kazi yangu, akaondoa jina langu na la mpigaji, akairusha kama yake. Iliniuma, na inaniuma ninapoandika haya.

Mbalamwezi ijayo nitakuwa ufukweni Katonga. Kijana wa Kasulu akipenda na aje na hedifoni zake. Yule dada wa Uvinza nimemwandikia mara mbili kumwomba arudi tuurekodi upya wimbo wake. Bado hajajibu, na nafasi ya kwanza siku hiyo nimemwekea yeye.