Maswali ya Wasomaji: Kumfunza Mbwa Pointa kwa Ndege Hai

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina mbwa wa aina ya Brittany, dume, miezi 6 (ni pointa, yaani mbwa wa kuwinda anayesimama kimya anaponusa ndege ili kumwonyesha mwindaji alipo). Uani nilikuwa namchezesha kwa bawa la ndege lililofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki, naye alikuwa anaganda vizuri ajabu. Juzi nikanunua kware 6 wa shambani, nikawaficha kwenye majani marefu. Akawakamata 4. Tangu hapo hasimami tena, anarukia tu. Nimeharibu wapi? — Msomaji, Minnesota

JIBU: Kuna mambo mawili hapo, na la pili ndilo zito.

Bawa la kwenye fimbo humfundisha mbwa kutumia macho. Pointa anafanya kazi kwa pua, ndege akiwa hamwoni. Mchezo ule unatosha kuamsha hamu kwa siku chache za utotoni, baada ya hapo uweke kando.

La pili ni hao 4 waliokamatwa. Mbwa husimama kwa sababu amejifunza kwamba akisogea, ndege anaondoka. Kware wako wamemfundisha kinyume: ukiruka, unakula. Kware wa shambani hana mazoezi ya kuruka, na akilowa umande ndiyo kabisa, anatimka kwa miguu tu. Usimlaumu mbwa, na usimpigie kelele mbele ya ndege. Akianza kuhusisha harufu ya ndege na adhabu, atajifunza kuwakwepa, na ugonjwa huo ni mgumu kuponya kuliko kurukia.

Acha kware kwa sasa, tumia njiwa wenye nguvu ndani ya kirusha ndege, yaani kile kikapu cha springi na wavu kinachofunguka kwa rimoti. Kabla ya siku ya kwanza, kifyatue bila ndege mbwa akiwa mbali, akila au akicheza, ili mlio usimshtue. Kisha fanya hivi.

Pima upepo kwa kurusha majani makavu. Kifiche kirusha kwenye majani, mdomo wake ukielekea kule mbwa asikotokea, na funga kitambaa kwenye tawi la jirani ili usisahau kilipo. Unapokwenda kukiweka, pita upande ambao mbwa hatapita, la sivyo atafuata nyayo zako badala ya ndege. Vaa glavu unapomshika njiwa. Mlete mbwa akiwa na kamba ya mita 8 hadi 10, akikata upepo, si kuufuata moja kwa moja, umbali wa hatua 20 hivi chini ya upepo.

Mtazame kichwa. Harufu ikimfikia, kichwa kitageuka ghafla kabla ya mwili, mkia uliokuwa ukipiga haraka utakaza, na mdomo uliokuwa wazi ukihema utafunga. Hapo kaa kimya kabisa. Usiseme "simama", usimvute. Akisimama mwenyewe, hata kwa sekunde 3, zunguka kwa ubavuni, ujitokeze mbele yake, kisha mrushe njiwa. Akipiga hatua moja tu kuelekea kwenye harufu, bonyeza papo hapo. Kamba ni ya kumzuia asifukuze hadi barabarani, si ya kumkokota hadi kwa ndege. Jambo ambalo wengi hukosea ni kusubiri "aone kidogo" baada ya ile hatua ya kwanza. Hatua ya pili tayari ni somo baya.

Kosa jingine ni kubonyeza mbwa akiwa amekikaribia mno kirusha. Springi ikimlipukia usoni, ataogopa ndege. Akiwa chini ya mita 5, usibonyeze. Mwondoe kwa kamba polepole, anza upya.

Ndege 2 au 3 kwa kikao kimoja, mara 2 au 3 kwa wiki. Malizia angali ana hamu. Na njiwa asikae ndani ya kirusha juani: muweke mwisho kabisa, mbwa akiwa tayari ametolewa garini.

SWALI: Kule Kenya tulifuga kware sana miaka ya 2013 na 2014. Je, hao hao wanafaa kufunzia mbwa huku Texas? Nasikia kuna kware wanaorudi bandani wenyewe. — Msomaji, Houston

JIBU: Wale waliovuma Kenya ni kware wa Kijapani, waliozalishwa vizazi vingi kwa ajili ya mayai na nyama. Wanaruka kidogo na kutua, na ukiwaachia hawajikusanyi kurudi. Wanaorudi ni bobwhite, kware wa asili wa Marekani, kwa sababu wanaishi kwa kundi na jioni huitana.

Banda la futi 4 kwa 4 linatosha ndege 20. Liinue futi 2 kutoka chini, sakafu iwe ya wavu wa nusu inchi ili kinyesi kidondoke, na wavu huo uwe imara, maana rakuni na nyoka watalijaribu usiku wa kwanza. Chini weka faneli ya wavu: mdomo mpana nje, mwembamba ndani, ndege aingie asiweze kutoka. Nunua ndege wa wiki 12 au zaidi, waliokulia kwenye vizimba virefu vya kurukia. Wafungie kama wiki 2 walizoee banda. Chakula na maji viwe ndani tu.

Kisha toa 5 au 6, wengine wote wabaki. Sauti zao ndizo zitakazowaita wenzao. Mbwa afanye kazi asubuhi au alasiri, na saa moja kabla ya giza awe amefungwa mbali. Ukiendelea kuwafurusha hadi jioni, hawatarudi.

Kwa njiwa, jihadhari: mkubwa ukimwachia atarudi kwa aliyekuuzia. Nunua makinda yaliyoanza kujilisha tu.

SWALI: Mbwa wangu sasa anasimamia kirusha hata kikiwa kitupu. Nifanyeje? — Msomaji, Ohio

JIBU: Kirusha kimeshika harufu ya ndege. Kisafishe, kianike juani siku kadhaa, na uwanjani tawanya vitupu 2 au 3. Akisimamia kitupu, pita bila neno.

SWALI: Ninaruhusiwa na sheria kumfunza mbwa kwa ndege hai? Na bunduki nianze lini?

JIBU: Njiwa wa kufugwa hawamo katika sheria ya shirikisho ya ndege wahamao. Kware, chukar na fezanti (ndege wengine wa kuwindwa) wa shambani ni suala la jimbo: mengi hudai kibali au risiti ya ununuzi, na baadhi hukataza kufunzia mbwa porini wakati wa kutaga. Uliza idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya kununua ndege.

Bunduki ni baada ya mbwa kupenda ndege kupita kiasi, si kabla. Anza na bastola ya kuanzishia mbio, msaidizi akiwa mita 70 au zaidi, na ilie mbwa anapomfukuza njiwa aliye hewani. Akigeuka kuangalia mlio ulikotoka, rudi nyuma na acha mlio kwa vikao kadhaa. Asipojali, sogea mita 10 kila kikao. Kamwe usifyatue mbwa akiwa amesimamia ndege aliye chini.