Chubwi zangu zinaishia miambani

Shikamoo mzee. Navua kwa mshipi kwenye miamba ya Coco Beach. Jumapili nimepoteza chubwi nne za risasi, vile vizito vya kuzamisha ndoana. Nifunge nini badala yake?
Kijana wa Msasani

Marahaba mwanangu. Nne tu? Mimi niliacha nyingi, mpaka mama watoto akauliza kama navua samaki au napanda risasi baharini. Siku hizi nafunga plagi kuukuu za pikipiki. Fundi ananipa bure, nazifuta mafuta kwanza. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo mkondo ukiwa mkali naongeza nati mbili. Ila siri iko kwenye uzi: plagi ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa, vuta, uzi ule unakatika, ndoana na samaki wako wanarudi. Na zile za risasi zilizobaki, usizibane kwa meno. Ni sumu.